Moyo mzima kitandani, mgonjwa uwanjani

Barabara ya Moi South Lake inayopitia Kamere huwa na waendesha baiskeli wa aina mbili. Kuna wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaowahi zamu, halafu kuna wewe uliyetoka Nairobi au Nakuru mjini wikendi kuzuru Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache nchini zinazoruhusu baiskeli. Hapo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mlima ukianza, moyo uliokuwa ukipiga mara 70 kwa dakika unaweza kufika 150 na zaidi.

Sasa jiulize: moyo wako umewahi kupimwa ukifanya kazi hiyo? Kliniki utaketishwa upimwe presha, au ulazwe upimwe umeme wa moyo. Yote hayo ukiwa umetulia, ilhali kuna kasoro zinazojitokeza tu moyo ukisukumwa.

Ndiyo maana madaktari katika miji kama Leuven, Ubelgiji, na Göttingen, Ujerumani, wamekuwa wakipiga picha za MRI za moyo mgonjwa akiwa mazoezini. Analala ndani ya mtambo na kukanyaga pedeli zilizofungwa mwisho wa kitanda. Pedeli hizo hazina chuma, kwa sababu MRI ni sumaku kubwa.

Si kazi rahisi. MRI ya kawaida huunganisha picha kutoka mapigo mengi huku umebana pumzi. Nani anaweza kubana pumzi akipanda mlima? Ikabidi watafute mbinu ya kupiga picha papo hapo, kama video. Mwaka 2021, watafiti wa Göttingen walionyesha kwamba njia hii inaweza kufichua aina ya udhaifu wa moyo ambayo ni ngumu kuiona mgonjwa akiwa ametulia.

Je, kaunti ya Nakuru inunue mtambo huo? Hebu tusikimbilie. Unakumbuka mpango wa MES wa 2015? Serikali kuu ilikodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98. Maseneta walipochunguza, walikuta baadhi ya vifaa vimekaa tu kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mtambo bila mtu wa kuutumia ni pambo.

Isitoshe, funzo la Göttingen linaweza kufuatwa kwa bei nafuu. Mtu anaweza kupimwa umeme wa moyo akikimbia kwenye mashine ya mazoezi, au kufanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mara tu anaposhuka. Hivyo ndivyo vifaa, pamoja na wataalamu wake, ambavyo vijana wa Naivasha wanafaa kuwadai viongozi wao kwanza.

Lakini hakuna kipimo kinachoona kila kitu. Christian Eriksen alipimwa mara kwa mara akiwa Tottenham, na bado moyo wake ulisimama uwanjani Juni 12, 2021, Denmark ikicheza na Finland. Aliokolewa na watu waliombonyeza kifua papo hapo na mashine ya kushtua moyo iliyokuwa karibu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon hakubahatika hivyo mjini Lyon mwaka 2003. Uchunguzi wa maiti ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa isivyo kawaida.

Kwa hivyo, ukizimia ukicheza, ukihisi maumivu ya kifua ukipanda mlima, au ukihema kuliko wenzako wote, usiseme ni uchovu tu. Acha mazoezi, nenda hospitali, na umwambie daktari ulikuwa ukifanya nini. Mwambie pia kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50. Maelezo hayo ni bure, na ndiyo yanayomwonyesha daktari aanzie wapi.

Na mwenzako akianguka, haitiki wala hapumui vizuri, piteni simu ya dharura huku wewe ukimbonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi usaidizi ufike. Katika timu yako ya mtaa, ni wangapi wanajua kufanya hivyo? Kama jibu ni hakuna, anzeni na hilo kabla ya kununua jezi mpya.