Harambee Ianze Darasa la Kumi

Barua ya chuo ikishafika, familia nyingi za Kikenya hapa Minnesota hufanya kama walivyofanya wazazi wao: huita harambee. Desturi hiyo ina heshima yake. Mwaka 1959, mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipofanikisha safari ya ndege ya wanafunzi 81 kuja kusoma Marekani, jamaa na majirani walichanga ili kijana asifike ugenini mikono mitupu.

Ila msaada wa ada nchini Marekani haungoji barua. Sehemu kubwa yake hupitia fomu ya FAFSA, ambayo haina malipo na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Fomu yenyewe husoma kodi ya miaka miwili nyuma. Kijana wa kuingia chuo vuli ya 2026 hupimwa kwa kipato cha 2024, mwaka ulioanza yeye akiwa bado darasa la kumi.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni hofu ya deni. Mzazi aliyesomeshwa Kenya kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huona kila pesa ya serikali ni ya kurudishwa. Sivyo. Pell Grant, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–2026 ni dola 7,395, ni ruzuku. Tena, tangu vuli ya 2024, programu ya jimbo iitwayo North Star Promise hulipia ada inayosalia baada ya ruzuku nyingine katika vyuo vya umma vya Minnesota, ikiwa kipato cha familia kwenye hesabu za kodi ni chini ya dola 80,000. Mama anayefanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee huenda anastahili, na hajui.

Hata kabla ya kuingia chuo kuna PSEO, programu ya Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1985. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anayekubaliwa husoma kozi za chuo bila kulipa ada wala vitabu.

Yapo pia ya kuchunga. Fomu ya FAFSA haimtambui bibi aliyeko Kisii: pesa anazotumiwa kila mwezi hazipunguzi kipato cha mtumaji, na ndugu anayehesabiwa ni yule tu anayeishi nyumbani humo na kutegemezwa kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Kiwanja cha Kitengela kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali. Akiba iliyo kwenye akaunti ya kustaafu haihesabiwi. Mzazi akiitoa kulipa ada, mara nyingi hugeuka kipato na kumpunguzia mtoto msaada baadaye.

Nyumba nyingi humwachia mtoto kazi yote ya kujaza fomu kwa sababu ndiye mjuzi wa kompyuta. Lakini mzazi anayehusika lazima afungue akaunti yake mwenyewe ya mtandaoni na kuridhia taarifa zake za kodi zitumike. Asiporidhia, mtoto hapati msaada wa serikali kuu.

Kwa hiyo vyama na makanisa ya jumuiya yatenge jioni moja kila Oktoba. Aje mzazi na mtoto, waje na karatasi za kodi, na vijana walio tayari chuoni wakae nao hadi fomu itumwe. Wenye watoto wa darasa la kumi waalikwe pia, na wapewe viti vya mbele.