Umbali wa Kasulu na Kibondo Upimwe kwa Saa za Mwananchi

Kutoka Kasulu hadi Kibondo, kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ni kilomita zipatazo 130. Ndege ndogo iendayo kasi ya kilomita 300 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 26, na kila mji una kiwanja chake kidogo cha ndege. Hesabu hiyo ni sahihi, na mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Lakini mtumishi anayepanga kazi za umma kwa kutazama ramani peke yake atawapunja wananchi.

Dakika hizo ni za angani tu. Hazihesabu muda wa kuisubiri ndege ya kukodi kutoka mbali, wala safari ya mtu kutoka kijijini mpaka kiwanjani. Ndege ya namna hiyo hubeba watu wachache. Haishushi abiria Makere wala Mvugwe, wala haichukui magunia ya maharage na muhogo. Mkulima, mgonjwa na mwanafunzi wa Buha husafiri ardhini, na barabara hupinda kufuata vilima na mabonde.

Historia yafundisha jambo hilo hilo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini mwa nyanda hizo. Wakati wa ukoloni Buha ilifanywa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge, na vijana wa Kiha walikwenda kwa miguu majuma kwa majuma kuifuata kazi mashariki ya nchi. Mkoloni hakuona haja ya kujenga barabara nzuri huko, kwa kuwa nguvukazi aliyoitaka ilijitembeza yenyewe.

Ndiyo maana mradi wa kuijenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye kilomita zipatazo 260, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2018, una uzito kupita thamani ya kokoto na lami. Hata hivyo, barabara kuu peke yake haitoshi. Mama mjamzito aliyekwama kwenye njia ya kijiji iliyokatwa na mvua hanufaiki na lami iliyo mbali naye. Hapana budi TARURA na halmashauri ziyape madaraja madogo, makalvati na mitaro ya vijijini uzito ule ule.

Haina maana kwamba viwanja vya ndege vipuuzwe. Wilaya hizi zilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993 na kutoka Kongo mwaka 1996, na jambo kama hilo laweza kutokea tena. Mgonjwa mahututi naye aweza kuokolewa na nusu saa ya angani. Kwa hiyo viwanja hivyo vifyekwe, vilindwe dhidi ya mifugo na ujenzi holela, na viwe tayari kwa dharura.

Lakini mpango wa kila siku uanzie ardhini. Afisa anayepanga mitihani, chanjo au mishahara aulize kwanza: mwananchi wa kijiji cha mbali atatumia saa ngapi kufika, wakati wa kiangazi na wakati wa masika? Jibu la swali hilo ndilo umbali wa kweli kati ya Serikali na watu wake.