Hojaji ya kiwewe nayo itahiniwe

Mwalimu yeyote aliyewahi kutunga mtihani anajua kwamba mtihani nao huweza kuanguka. Swali likitungwa vibaya, mwanafunzi aliyejiandaa hukosa na aliyebahatisha akapata, na alama zinazoandikwa kwenye ripoti hazimwambii mzazi lolote la haki kuhusu mtoto wake. Ndiyo maana maswali hupimwa kwanza, mengine yakarekebishwa na mengine yakatupwa, kabla ya kuwekwa mbele ya watahiniwa. Ajabu ni kuwa uangalifu huu tunaoudai katika mtihani wa hesabu hatuudai katika karatasi nyingine yenye matokeo mazito zaidi, nayo ni hojaji anayopewa mgonjwa ili ijulikane kama ana maradhi ya kiwewe.

Maradhi hayo yaliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 1980, baada ya mjadala mrefu uliochochewa sana na hali ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mtu aliyeponea chupuchupu, au aliyeshuhudia wenzake wakifa, huendelea kuliishi tukio lile miezi na hata miaka baadaye. Hulirudia ndotoni, hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, hushtuka mlango unapobamizwa, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa jamaa zake hufifia. Sisi Wakenya hatuna haja ya kusimuliwa hali hii na mgeni. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu 213 na kujeruhi maelfu. Mwaka wa 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli. Mwaka wa 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na mwaka wa 2024 watoto 21 walipoteza maisha kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Nyuma ya kila idadi wapo walionusurika, na hao ndio wanaofika hospitalini na kukabidhiwa karatasi.

Karatasi inayotumiwa mno duniani ni ile iitwayo PCL, iliyobuniwa na watafiti wa Marekani mapema katika miaka ya 1990 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2013. Ina maswali 20, na kila moja hujibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 4, hivyo jumla ya juu kabisa ni 80. Watungaji wake hupendekeza kwamba anayefikisha alama 31 hadi 33 adhaniwe kuwa ana maradhi. Wao wenyewe huonya kuwa alama peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, lakini onyo hilo aghalabu huachwa njiani karatasi inaposafiri.

Nayo ikisafiri, hufasiriwa. Hapo ndipo walimu wa Kiswahili wanapopaswa kukaa kitako na kusikiliza. Hojaji hii humuuliza mgonjwa kuhusu mwezi mmoja uliotangulia siku anayoulizwa. Mfasiri mwenye haraka ataandika “mwezi uliopita”. Je, mgonjwa aliyeketi mbele ya muuguzi tarehe 25 Machi ataelewa vipi? Wengi watajibu kuhusu Februari. Aliyeshambuliwa mapema mwezi wa Machi atajibu kwa uaminifu kamili kwamba mwezi uliopita alilala vizuri, naye atarudishwa nyumbani.

Tuchukue viwango vya majibu. Kiingereza kimepanga ngazi tano kutoka hapana kabisa hadi kupita kiasi, nasi twaweza kuandika “kidogo”, “kiasi”, “sana” na “mno”. Lakini “kiasi” kwa mzungumzaji mmoja ni haba na kwa mwingine ni tele. Isitoshe, mtu aliyelelewa kwa adabu, akiulizwa na mgeni kama anateseka, husema “kidogo tu” hata ikiwa hajalala kwa wiki nzima. Au tuchukue neno jinamizi. Kwa daktari ni ndoto ya kutisha. Kwa bibi mzee wa pwani laweza kuwa kitu kinachomlalia kifuani usiku, nacho kilimlalia hata kabla hajakutana na janga lolote. Kuhusu kuwa macho na kujihadhari wakati wote, ni nani anayerudi nyumbani usiku katika mitaa yetu ya mabanda asiyejihadhari? Jibu lake la “sana” litahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa, ilhali ni dalili ya akili timamu.

Upande wa pili wapo wagonjwa wanaosema ukweli kwa maneno ambayo hojaji haiyajui. Mtu husema ana mawazo, roho yake iko juu, anaweweseka usiku, au ana presha. Karatasi haina mahali pa kuyaandika hayo.

Yamkini msomaji atadhani ninataka kusema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na hayatuhusu. Sisemi hivyo, na wanaosema hivyo nawaona wakiwadhulumu wagonjwa. Wanyarwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, walikuwa na neno lao, ihahamuka, la mtu anayebanwa pumzi kwa hofu iliyomrudia. Nchini Zimbabwe, Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na katika miaka ya 1990 watafiti walitunga hojaji ya maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Hata hojaji maarufu ya Harvard kuhusu kiwewe, iliyochapishwa mwaka wa 1992, ilizaliwa katika kliniki ya wakimbizi kutoka Kambodia, Laos na Vietnam. Watungaji wake waliweka maswali 16 yaliyofuata mwongozo wa Marekani, wakaongeza 14 yaliyotokana na maisha ya wakimbizi hao. Maumivu ni ya binadamu wote, ila kila taifa huyataja kwa lugha yake.

Kupima hojaji, basi, ni kazi ya namna gani? Hukusanywa wagonjwa wa kliniki, si wanafunzi wa chuo waliopatikana kwa urahisi. Kila mmoja hujibu hojaji, kisha huhojiwa kwa kina na mtaalamu ambaye hajaonyeshwa alama zake. Halafu hulinganishwa: ni wagonjwa wangapi ambao karatasi iliwanasa, na ni wazima wangapi ambao iliwaachilia?

Zimbabwe walifanya hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, watu wazima 204 wa kliniki za kawaida walijibu PCL na kuhojiwa. Kwa alama ya mpaka ya 33, hojaji iliwanasa takriban robo tatu ya wenye maradhi, na kuwaachilia takriban saba katika kila kumi ya wasio nayo. Matokeo hayo si mabaya. Lakini hebu tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya ubaoni. Tuseme wagonjwa 1,000 wamefika kliniki na 100 kati yao wana maradhi ya kiwewe. Hojaji itawanasa 75 na kuwapoteza 25. Miongoni mwa wale 900 wasiougua, itawashuku 270 bure. Jumla ya walioshukiwa ni 345, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 75 tu, kama mmoja kwa kila watano. Sasa tuichukue hojaji hiyo hiyo mahali penye maafa, ambapo 400 katika 1,000 wanaugua. Itawanasa 300 na kuwashuku bure 180, yaani zaidi ya nusu ya walioshukiwa wataugua kweli. Karatasi haikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni mahali ilipopelekwa.

Kwa sababu hiyo nastaajabu ninaposikia watu wakitaja asilimia za kiwewe kana kwamba ni kilo za sukari zilizopimwa dukani. Baada ya bomu la 1998, Daktari Frank Njenga na wenzake waligawa hojaji, na Wakenya 2,883 wakaijibu kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka wa 2004, yakionyesha kwamba asilimia 35 walikuwa na dalili zilizokaribia kutimiza masharti ya maradhi hayo. Zilizokaribia, nasisitiza. Waandishi walichagua neno lao kwa uangalifu, na walisema wazi kuwa waliohojiwa hawakuteuliwa kwa bahati nasibu. Kazi yao ilikuwa ya thamani kubwa katika wakati mgumu. Kosa ni letu tunaoinukuu huku tumeliacha neno hilo.

Wapo watakaouliza kama wakati wa msiba kuna nafasi ya mambo haya. Majeruhi wamejaa kwenye ujia, madaktari wa akili ni wachache, na karatasi ya kuazima ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hii ina uzito. Nami nasema itumiwe, lakini itumiwe kama chekecheo, isiwe hakimu. Anayeshukiwa apate mtu wa kukaa naye na kumsikiliza kabla hajaandikiwa dawa na kabla jirani hajasikia kuwa “ana wazimu”. Asiyeshukiwa asifungiwe mlango. Mwalimu mshauri shuleni, aliyepewa karatasi hiyo kwenye semina ya siku mbili, asiitumie kuamua ni mtoto gani ana kiwewe na yupi ni mvivu.

Wakati wa kuipima ni sasa, kukiwa na utulivu, wala si asubuhi baada ya moto wa bweni. Idara za saikolojia na za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hukaa jengo kwa jengo na mara chache huzungumza. Zikae pamoja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu ya uzamili na aende kliniki, kwa idhini ya wagonjwa na hospitali, akakusanye maneno ambayo watu wa Kisauni, Kitui na Kakamega huyatumia kueleza hofu isiyoisha. Wizara ya Afya nayo isikubali hojaji yoyote ya Kiswahili ienezwe hospitalini bila kuonyeshwa iliwajaribiwa akina nani na alama yake ya mpaka ilipatikanaje.

Mpaka hapo, daktari anayesoma alama 12 kwenye karatasi ya msichana aliyetoka motoni wiki tatu zilizopita, kabla ya kumwambia aende zake, na amuulize ni mwezi gani aliokuwa akiujibia.