Darubini Mbovu ni Shahidi wa Uongo

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini wahenga hao hawakuiona darubini ya rahisi inayotembezwa siku hizi mabarabarani, kwani mwenye nayo hutazama sana na asione kitu. Tena afadhali ingekuwa haoni tu. Ubaya ni kwamba huonyeshwa kisichokuwako, akaamini kuwa amekiona. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wetu wa Pwani wanaopenda kutazama ndege. Wengi wao huanza na chombo cha namna hii, kisha huvunjika moyo wakidhani kasoro ni ya macho yao.

Tukitaka kuyajua madhara yake, twende Mida, karibu na Watamu, majira ya kaskazi maji yakiwa yamekupwa. Hapo kwenye matope husimama ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Huyu ni mgeni wetu kutoka pwani za Arabuni na Ghuba, Oman ikiwa mojawapo, ambako hutaga ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani. Safari yake ni ile ile ya majahazi ya babu zetu. Basi mtazame kwa darubini mbovu wakati jua limepanda. Pale weupe wake unapokutana na weusi, utaona utepe wa zambarau upande mmoja, na upande wa pili utepe wa manjano au kijani. Ndege huyo hana rangi hizo, Mwenyezi Mungu hakumuumba nazo. Zimetiwa na kioo.

Sababu yake si siri. Nuru ipitapo katika kioo hupinda, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake, buluu zaidi kuliko nyekundu. Kwa hiyo lenzi moja peke yake haiwezi kuzikusanya rangi zote mahali pamoja. Dawa ya ugonjwa huu ilijulikana tangu karne ya 18: ni kuunganisha lenzi mbili za vioo vya aina tofauti, moja isahihishe kosa la nyenzake. John Dollond wa London alipewa hataza ya lenzi za namna hiyo mwaka 1758. Kiwanda kinachobana gharama leo huziunganisha ovyo ovyo, au katika vile vya kuchezea watoto, hutia lenzi moja ya plastiki na kuacha.

Kisha kuna darubini zenye vioo vyekundu vinavyong'aa kama kito. Watu huzipenda kwa kumeta kwake. Hawajiulizi kwamba wekundu ule wanaouona kwa nje ni nuru nyekundu iliyofukuzwa isiingie ndani. Anayetazama hupata picha iliyoegemea kijani na buluu. Sasa pale Mida yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, na wapo wengine ambao rangi ya miguu ndiyo huwatambulisha. Kijana ataijuaje rangi ya miguu ikiwa chombo kimekwisha kuibadilisha? Vitwitwi wa mchanga nao, mkubwa na mdogo, hutofautishwa hasa kwa urefu na unene wa mdomo, jambo la milimita chache. Picha ikiwa na ukungu, mtazamaji hubahatisha, na akibahatisha huandika uongo katika daftari lake.

Udanganyifu mkubwa kuliko yote uko katika namba. Mchuuzi atakuonyesha darubini iliyoandikwa 30x60 na kukuapia kwamba utaona mpaka Pemba. Fahamu kwamba namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini hukuza kitu, na hukuza mtikisiko wa mkono pia. Ikikuza mara 30, hakuna mkono wa binadamu utakaoituliza bila kigoda cha kuishikilia. Tena gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa mwali wa nuru unaolifikia jicho. Kwa 8x40 ni milimita 5, kwa 10x25 ni milimita 2.5, na kwa hiyo 30x60 ni milimita 2 tu, ikiwa namba zenyewe ni za kweli. Nyingine ndani zina kizuizi kinachoikata nuru, hivyo ile 40 iliyoandikwa ni pambo. Ingia nayo katika kivuli cha msitu wa Arabuko-Sokoke, alikojificha bundi mdogo wa Sokoke, ndege aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1966 na ambaye ni fahari ya msitu huo. Kwenye kivuli mboni ya jicho hupanuka kutafuta nuru, na darubini ile humpa kidogo tu. Wageni wenye darubini nzuri humwona, na mwenyeji mwenye msitu wake huona giza.

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Cairo, alieleza mwanzoni mwa karne ya 11 katika Kitab al-Manazir kwamba kuona hutokana na nuru itokayo kwenye kitu na kuingia jichoni. Hakukomea hapo. Alitenga sehemu nzima ya kitabu hicho kueleza makosa ya kuona na sababu zake. Kama jicho zima lahitaji kuchunguzwa, sembuse jicho lililotanguliziwa kioo cha ovyo?

Sisi Waislamu jambo la ushahidi si geni kwetu. Mtu akisema ameuona mwezi, huulizwa ameuonaje na wapi, na uadilifu wake hutazamwa. Kuhusu hukumu ya kutumia darubini katika kuutafuta mwezi, hilo ni la masheikh wetu. Nisemalo ni kwamba anayeitumia ajue kuwa mkwaruzo, kuvu na nuru inayorukaruka ndani ya vioo vibovu huweza kuchora mstari mweupe angani ambao si mwezi. Na tahadhari: asiielekeze darubini yoyote kwenye jua kabla halijatua, kwani jicho litaungua.

Atauliza mtu: maskini afanyeje, aache kutazama ndege mpaka atajirike? Hasha. Simwambii anunue ya fahari. Namwambia aache namba kubwa na kumeta, atafute ya kawaida inayokuza mara 8, hata ikiwa imetumika. Vijana watano wakichanga wakapata moja ya kweli, watajifunza zaidi kuliko kila mmoja kujinunulia yake ya uongo. Nao wafadhili wanaofikiria kuzipelekea shule zetu sanduku la darubini za kuchezea, heri walete mbili zinazofanya kazi.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Inyoshe mbele yako uielekeze kwenye anga jeupe, mbali na jua, utazame viduara vya nuru katika vioo vya nyuma: viwe duara kamili, visikatwe pembeni. Kisha utazame mnara wa msikiti ulio mbali. Ukiuona minara miwili, au ukihisi macho yanavutwa na kichwa kinaanza kuuma, basi mirija miwili haikulingana, iache. Tafuta waya mweusi mbele ya anga uone kama una utepe wa zambarau. Kidogo pembeni chasameheka, katikati hakisameheki. Mwisho, chungulia ndani kwa kupitia kioo cha mbele, kwani joto na unyevu wa Pwani huotesha kuvu kwenye lenzi. Ukishanunua, uihifadhi pakavu.

Haki ielezwe pia: si kila ukungu ni wa darubini. Adhuhuri matope ya Mida hutoa mazigazi, na hapo hata darubini ya mfalme haifai kitu. Nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndege hawa wako mlangoni petu, na elimu yao isiwe ya wageni peke yao. Mnana wa Clarke, kwa mfano, hapatikani popote duniani ila Kilifi, katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kijana wa Kilifi anapoandika kwamba amemwona, neno lake linapaswa kutosha. Wazazi, walimu wa shule na wa madrasa, mkiombwa darubini na mtoto, msimnunulie ya kwanza mtakayoletewa dirishani mwa gari. Mchukueni dukani, mwacheni aijaribu mwenyewe, na asiporidhika, rudini nyumbani na fedha zenu.