Upweke wa Saleh Omar

Upweke katika By the Sea (2001), riwaya ya Abdulrazak Gurnah, hauanzii Uingereza. Saleh Omar, mzee wa Zanzibar, anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na kikasha cha udi, akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya udi wake.

Zito zaidi ni jina. Pasipoti anayotumia ina jina la Rajab Shaaban Mahmud, marehemu ambaye nyumba yake iliishia mikononi mwa Saleh. Kila anapoitwa, anaitwa na ugomvi wa zamani wa nyumba hiyo.

Kabla ya kuja Uingereza, alifungwa miaka mingi. Mkewe na bintiye walifariki yeye akiwa kifungoni. Halafu anayemjia ugenini ni Latif, mtoto wa Rajab huyohuyo! Hapo Gurnah anaonyesha ustadi wa hali ya juu: hawapatani upesi, wanasimuliana na kubishana, kila mmoja akirekebisha kumbukumbu za mwenzake.