Ofisi Moja kwa Mto Mmoja

Igawa ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Mbarali, mpakani mwa Mkoa wa Mbeya na upande wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Msafiri aendaye Tunduma huupita kwa dakika chache tu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana haki ya kuuliza mji huo unawahusu nini.

Unawahusu sana. Mto Mbarali unaopita hapo hupeleka maji yake katika tambarare za Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakalijaza bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204. Umeme huo huingia katika gridi ya Taifa, na ni gridi hiyo iliyounganishwa na Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba mwaka 2010. Mchele wa Mbeya nao unajulikana katika kila soko la Visiwani, na Mbarali ni miongoni mwa mashamba yanayoutoa.

Lakini mto huo mmoja una wasimamizi wengi. Maji yana bodi yake ya Bonde la Rufiji, skimu za mpunga zina tume yake ya umwagiliaji, ng'ombe wana afisa wao, ardhi ina wake, na Hifadhi ya Ruaha ina wakubwa wake. Kila mmoja huwajibika kwa wizara nyingine. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi. Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006, Hifadhi ikapanuliwa mwaka 2008, na mvutano wa mipaka ukaendelea kwa miaka mingi. Hatudai kwamba yote hayo yalisababishwa na kuta za ofisi. Tunasema kwamba watumishi wanaogawana mto hawana budi kukaa mahali ambapo mmoja akisema, mwingine anasikia.

Ofisi za umma tulizozizoea ni ukumbi mrefu wenye milango pande zote, na kila mlango una kibao chake. Mkulima huambiwa aende mlango wa pili, na wa pili humrejesha wa kwanza. Rai yetu ni kwamba jengo lolote jipya la watumishi wa eneo hilo liwe na chumba kimoja kikubwa, chenye meza nyepesi zinazosogezwa kwa kufuata majira. Kiangazi, watu wa maji na mifugo wakae pamoja; wakati wa mavuno, afisa kilimo na watu wa ushirika. Ramani ya mifereji iwe moja, ukutani, na daftari la vibali liwe moja.

Mfano haupo mbali. Barabara hiyo hiyo ikifika Tunduma, tangu mwaka 2019 maofisa wa Tanzania na Zambia wamekuwa wakikaa katika jengo moja kwa kila upande, na gari husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia. Ikiwa mataifa mawili yameweza, idara za wilaya moja zinashindwa na nini?

Hata hivyo, kubomoa kuta peke yake hakutoshi. Mwaka 2018 wachunguzi wa Marekani, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika kampuni mbili zilizohamia ofisi za wazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, watu wakawa wanaandikiana kwa kompyuta. Mtu anayetazamwa na wote hujikunyata. Kwa hiyo viwepo pia vyumba vidogo vya kufungwa, kwa mwenye shauri la ardhi asiyetaka kusikiwa na jirani, na kwa hesabu zinazohitaji utulivu. (Sisi tuliosoma chuoni, kila mmoja akipaza sauti na juzuu yake, tulizoea kelele, si kila mtumishi alilelewa hivyo.)

Na nje liwepo baraza. Watu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa kazi ya baraza la nyumba: ndipo habari hukutana kabla ya kuingia ndani. Wafugaji na wakulima wa Igawa wakingoja zamu kwenye baraza moja, nusu ya shauri itakuwa imekwisha semwa.

Tunajua mkuu wa idara atauliza chumba chake kiko wapi. Apewe meza kama wengine, karibu na mlango, ili amwone kila anayeingia.