Benchi la Nyuma ni la Mzazi

Ndugu walimu, upo usemi ulioenea katika bonde letu la Bugarama, nao wadhoofisha kazi yetu kuliko uhaba wa vitabu. Husemwa: “Kiswahili cha nini shuleni? Mtoto hukiokota sokoni Kamanyola.” Na wazazi wapatapo habari kwamba somo lenyewe ni tenzi za kale za Pate na Siyu, huongeza kwamba watoto wao wapotezewa wakati kwa maneno ya wafu, hali wenzao wasoma Kiingereza na hesabu. Twasema kwamba usemi huo ni wa makosa. Lakini twasema pia kwamba hautafutwa kwa hotuba. Unalelewa na mlango wa darasa uliofungwa, nao utakufa siku mzazi atakapoingia, akaketi, akasikiliza.

Asiyekujua hakuthamini. Mzazi huitwa shuleni kwa ajili ya mchango, au mkutano, au utundu wa mwanawe. Mwaka 2020, serikali ilipoanzisha ujenzi wa vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 nchini, wananchi walichangia nguvu zao kwa umuganda. Twauliza: ni haki gani hii, mtu abebe mawe ya ukuta, kisha akae nje ya ukuta huo asijue kinachosemwa ndani? Mikono yake ilitakiwa. Mbona masikio yake hayatakiwi?

Wako watakaosema kwamba mzazi hana asili na elimu ya mapokeo, kwamba elimu hiyo ni ya wasomi. Historia yawakanusha. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Alikuwa mama aliyemwusia bintiye, Mwana Hashima. Shaaban Robert naye alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na mwanawe Utenzi wa Adili. Basi sehemu kubwa ya fasihi tunayoiita ya kale ni sauti ya mzazi akizungumza na mtoto. Kumfungia mzazi mlango ni sawa na kumfukuza mwenye nyumba.

Hapa Rwanda kadhalika. Padri Alexis Kagame alisoma katika seminari ya Kabgayi, na akapadirishwa mwaka 1941. Hata hivyo alipotaka kukusanya ibisigo, yaani mashairi ya enzi ya wafalme, hakuyakuta katika vitabu vya Kilatini. Aliyapata vinywani mwa wazee walioyahifadhi kwa moyo. Wazee hao ndio waliokuwa maktaba.

Sasa na tutazame faida yenyewe darasani. Chukua somo la Mwana Kupona. Mwalimu mwenye cheti ataeleza mizani na vina. Ataonyesha jinsi Kiamu kisemavyo “ndia” pale tusemapo “njia”, na “nti” pale tusemapo “nchi”. Hayo ni ya lazima, lakini yakiishia hapo somo limekuwa mifupa mitupu. Mwache mama wa Bugarama, auzaye bidhaa ng’ambo ya Rusizi na kurudi jioni kuwapikia wanawe, asikie wosia ule juu ya mke na mumewe. Atakubali sehemu na kukataa sehemu, na atakuwa na sababu zake. Wanafunzi watakaposikia hoja hiyo, watatambua kwamba utenzi ni jambo la kujibiwa, wala si la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Au chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwenye kuililia Pate na majumba yake yaliyobaki magofu. Mzazi wa hapa aliyeona mwaka 1994 nyumba zikibaki bila watu hahitaji kufasiriwa maana ya shairi hilo. Huenda asiseme neno. Lakini mtoto aliyeketi mbele yake atajua kwamba maneno ya Pate yamefika Bugarama.

Pingamizi zipo, nazo zastahili majibu. Ya kwanza: wazazi wengi hawasomi vizuri. Tenzi zilitungwa ziimbwe na kusikilizwa. Sikio halihitaji cheti. Ya pili: heshima ya mwalimu itapungua. Mwalimu ambaye heshima yake haiwezi kustahimili macho ya mtu mzima hana heshima, ana woga. Ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: tenzi hizi ni za Waislamu, na mzazi Mkristo ahofia mwanawe asije akabadilishwa dini. Hofu hii ina mizizi mirefu, kwa sababu tangu enzi ya ukoloni Kiswahili katika nchi yetu kilihesabiwa kuwa lugha ya Waislamu, wachuuzi na askari. Haiponi kwa kufichwa. Mzazi huyo aketi asikie tukifundisha lugha, sanaa na fikra. Akiona tumetoka nje ya hayo, atuambie.

Ni kweli kwamba mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Twaishukuru sheria hiyo, lakini sheria haipendezeshi somo nyumbani. Jioni, mtoto ahitajipo taa ya kusomea, anayeamua ni mzazi.

Kwa hiyo twapendekeza. Kila shule yenye somo la Kiswahili itenge benchi moja la nyuma, na kipindi kimoja kwa juma. Wapangwe wazazi wachache wachache kwa zamu, bila kuingilia mavuno ya mpunga wala zamu za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Mzazi asome au asomewe utenzi ule ule wauona mwanawe. Asimkosoe mwalimu mbele ya watoto. Dakika kumi za mwisho ziwe zake, aulize na aseme. Na mwalimu asiandae somo la maonyesho kwa ajili ya mgeni. Afundishe kama afundishavyo siku zote, maana hilo ndilo lililomleta mgeni.

Halihitaji fedha, wala barua ya ruhusa kutoka Kigali. Lahitaji mwalimu asiyeogopa na benchi lisilo na mtu. Mabenchi tunayo, ndugu walimu. Muhula ujao tuonyeshe kama walimu nao wapo.